Punje Thelathini na Sita

Sikusoma shule. Baba alikuwa na mabinti wanne na mbuzi kumi na mmoja, na mbuzi hawakuwa na mtu mwingine wa kuwachunga. Hesabu niliyoijua ilikuwa ya macho: nikiwatazama mbuzi nilijua nani hayupo, bila kuhesabu. Nilikaa na hesabu hiyo mpaka nikawa mtu mzima, watoto watatu miguuni na wa nne mgongoni.

Sasa mjukuu wangu ananiletea daftari lake la hesabu huku analia. Kuna herufi katikati ya namba, anasema, na hajui imeingiaje humo. Namwambia hiyo ni kitu kilichofichwa, akitafute. Anasema bibi hukusoma, utajuaje. Basi nitasema nilijuaje, kwa sababu nimechoka kubishana.

Tulishushwa mlimani miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Huko juu tulikuwa na migomba na ukungu, chini tulipewa jua. Kijiji kilikuwa mguuni mwa mlima, njia ya kwenda Maore, na mbele yako ni mbuga tupu inayokwenda mpaka kwa watu wa ng'ombe. Sisi tulifika mwisho. Aliyefika mwisho alipewa shamba lililobaki, na lililobaki lilikuwa la mwisho kwenye mfereji. Mume wangu alitazama mara moja, akasema patafaa, kisha akarudi zake kukata mkonge. Alikuwa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, kulala tu. Simlaumu, mkonge unamaliza mtu. Lakini shamba lilikuwa langu.

Maji yetu yalitoka ndiva. Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa la kuchimbwa juu mlimani. Linajaa usiku kutoka kijitoni, asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka kwa mfereji hadi mashambani. Kila siku ya wiki ilikuwa na mstari wake wa mashamba. Mstari wetu ulikuwa na mashamba sita, na siku yetu ilikuwa Jumatano. Ndiva ilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa sita mchana mfereji ulikuwa mkavu mpaka kwangu chini, hata maji ya mwisho ya mkiani yamekwisha. Saa sita kamili za maji, mashamba sita. Katibu wa kijiji aligawa akapata saa moja kila shamba, akafurahi, akanunua filimbi.

Katibu alikuwa na saa ya mkononi. Alizunguka Jumatano nzima na ile filimbi. Akiipuliza, aliyekuwa anamwagilia anaziba mdomo wa shamba lake kwa tope, maji yanaendelea kwa anayefuata, na saa ya anayefuata imeanza. Imeanza pale pale, filimbi inapolia. Hapo ndipo kisa changu kilipo.

Filimbi yangu ilipolia, mimi nilikuwa nimesimama na jembe natazama mfereji mkavu. Kati ya shamba la tano na langu palikuwa na korongo la mchanga. Maji yalifika hapo yakaingia mchangani kama yanaingia nyumbani kwao. Yalinywewa, yakanywewa, hadi mchanga ushibe, ndipo yakasogea. Yalipofika kwangu, sehemu kubwa ya saa yangu ilikuwa imekwisha. Nilinywesha mistari michache ya karibu na mfereji, maji yakakata.

Nilikwenda kwa katibu.

"Ndugu katibu, mimi sipati saa."

"Unapata, mama. Nimekupulizia mwenyewe."

"Nimepata filimbi. Maji sijapata."

"Saa moja ni saa moja," alisema. "Saa haina upendeleo. Hayo ndiyo mambo ya usawa tunayoyasema kila siku."

Nilirudi nyumbani na usawa wangu. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Mwenye kulima anajua maana yake: hindi likikosa maji wakati wa ndevu, gunzi linajaa meno mawili matatu kama mdomo wa mzee. Nilikuwa na wiki tatu hivi, zisizozidi. Makande ya watoto wangu ya mwaka mzima yalikuwa yamesimama pale yanakunja majani.

Wakati huo kulikuwa na kisomo, kile walichokiita cha ngumbaru. Jumanne na Alhamisi alasiri tulikaa kwenye baraza la ghala la kijiji, watu wazima, na ubao umeegemezwa ukutani. Nilikwenda kwa sababu balozi wa nyumba kumi alipita nyumba hadi nyumba kuandika wasiofika. Mwalimu wetu alikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, binti wa mzee wa shamba la kwanza. Baba yake aliwahi kuwa nyapara huko mkonge, na saa aliyotoka nayo huko ndiyo binti aliyoivaa akifundisha, imemlegea mkononi kama bangili. Tukifika alituamkia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo mama, tukaitikia marahaba. Akimaliza kuamkia anageuka mwalimu. "Wewe nyuma, acha kusinzia."

Nilisinzia sana kwenye kusoma. Kwenye hesabu sikusinzia, kwa sababu aliweka vitu mezani. Siku moja alipanga viberiti vitatu, visanduku vya viberiti visivyo na njiti, na pembeni punje sita za mahindi.

"Ndani ya kila kiberiti nimetia punje," alisema. "Zimelingana. Hamzioni. Nikijumlisha za ndani na hizi sita za nje, zote ni ishirini na moja. Kila kiberiti kina ngapi?"

"Fungua tuone," alisema wifi yangu.

Huyu wifi, dada wa mume wangu, aliolewa huku chini miaka mingi kabla hatujashushwa, na shamba lao lilikuwa la tatu kwenye mstari wetu. Mdomo wake haukuwahi kuchoka.

"Hatufungui," mwalimu alisema. "Ndiyo maana ya hesabu. Ondoa kwanza zinazoonekana. Zikibaki ngapi, zote ni za vilivyofichwa. Vigawie sawa."

Niliondoa sita. Zikabaki kumi na tano. Nikazigawia viberiti vitatu, tano tano. Akafungua, zikatoka tano. Wengine walicheka wakapiga makofi. Mimi nilikaa natazama vile viberiti. Nilikuwa nafikiri juu ya korongo.

Siku hiyo nilimsubiri mwalimu atoke. Nikamwambia: kila shamba letu lina maji yake ya kweli, yale yanayoingia ndani, hayo ndiyo ya ndani ya kiberiti. Na kuna maji ya njiani, yaani muda unaopotea mfereji ukinywa, hayo ndiyo ya nje. Katibu amegawa vyote pamoja.

"Mama," alisema, "shamba la kwanza ni la baba."

"Najua ni la nani. Saa unayo?"

Jumatano ile alikuja. Tulipanda ndivani kukiwa na baridi, mtoto mgongoni kwangu. Ndiva ilipofunguliwa tulitembea na ulimi wa maji, ule mwanzo wake unaosukuma majani makavu na vumbi. Maji hayaendi haraka kama watu wanavyodhani. Yanasimama kwenye kila shimo mpaka lijae. Kutoka ndivani hadi shamba la kwanza yalichukua dakika thelathini. Tukakaa tukangoja filimbi. Kutoka la kwanza hadi la pili, kumi. La pili hadi la tatu, kumi. La tatu hadi la nne, kumi. Hadi la tano, ishirini. Na kutoka la tano kuvuka korongo hadi kwangu, arobaini. Ndiyo kusema nilikuwa napata dakika ishirini katika saa nzima. Kuziona kwenye saa kulinichosha kuliko kuzikosa.

Mwalimu aliitwa semina Same mjini kesho yake, kwa hiyo hesabu niliifanya peke yangu. Nilikaa jikoni na punje. Punje moja nilisema ni dakika kumi, kwa hiyo saa sita za maji ni punje thelathini na sita. Nikaweka viberiti sita chini, kila kimoja shamba moja, kisha nikaanza kutoa za njiani.

Hapo nilikosea, na nitasema nilivyokosea. Huko juu tulikotoka, zamani, maji yaligawiwa shamba moja moja. Mzee wa ndiva alifungua, maji yakaenda shamba moja mpaka litosheke, akafunga kwa udongo na majani ya mgomba. Wa pili alisubiri ndiva ijae tena, akafunguliwa yake kutoka mwanzo. Kichwani mwangu maji yalianza safari ndivani kwa kila mtu. Ndivyo nilivyozaliwa nikiyaona. Kwa hiyo njia ya shamba la kwanza nikaweka punje tatu. Ya pili nikahesabu kutoka ndivani, nne. Ya tatu tano, ya nne sita, ya tano nane, na yangu kumi na mbili. Sikuzijumlisha. Niliandika zile namba kwenye karatasi ya sabuni, nikaona nina haki, nikalala.

Jumapili baada ya kanisa niliomba mkutano wa mstari wetu. Walikuja wote, na mwenyekiti, na katibu na filimbi yake shingoni. Niliweka punje thelathini na sita kwenye ungo, nikapanga viberiti. Nikaanza kuwatolea za njiani, kila shamba pembeni ya kiberiti chake. Tatu, nne, tano, sita, nane. Nilipofika kwangu nilihitaji kumi na mbili, na kwenye ungo zilikuwa zimebaki kumi.

Nilitafuta chini ya ungo. Nilitafuta kwenye kanga.

"Mama, viberiti vyote bado vitupu," mwenyekiti alisema polepole.

"Naona."

"Na punje zimekwisha."

"Naona, ndugu mwenyekiti."

"Wifi," alisema wifi yangu, "kwa hiyo sisi hatujawahi kunywesha hata siku moja? Tena tunadaiwa maji na mlima? Mbona mimi nimekula mahindi mwaka jana, yalitoka wapi?"

Walicheka vya kutosha. Mzee wa shamba la kwanza ndiye ambaye hakucheka, alikasirika. Alisimama na fimbo yake. "Mimi niko wa kwanza tangu kijiji kianze. Nanywesha saa yangu nzima, sijawahi kumsumbua mtu. Aliyekuja jana anataka kunifundisha mfereji. Tena amempandisha binti yangu mlimani alfajiri kwa upuuzi huu."

"Hesabu si mchezo wa kubahatisha, mama," katibu alisema, na huyo hakusema kwa ubaya. "Waachie wanaojua."

Nilikusanya punje zangu. Zilikuwa za mbegu, siwezi kuziacha pale.

Jumatano iliyofuata nilipata dakika zangu ishirini kama kawaida. Mistari ya mbali ilikuwa imekunja majani yakawa kama vijiti, na ndevu zimekauka zikawa nyeusi kabla ya wakati. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya mtu ambaye hajui amkasirikie nani, maana punje zilihesabiwa na mimi mwenyewe. Asubuhi hiyo, kabla zamu yangu haijafika, filimbi ya wifi ilipolia, nilikuwa nimesimama kwenye mfereji kati ya shamba la pili na lake, miguu ndani ya maji. Jirani wa pili aliziba mdomo wake. Maji yakanipita miguuni yakaenda kwa wifi moja kwa moja. Hayakurudi ndivani kuanza upya. Yatarudi vipi? Yalikuwa tayari yamefika kwa jirani, yakamalizia kipande kilichobaki tu, dakika kumi. Njia ya nyuma ilikuwa imeshalipwa na walio mbele yetu.

Nilisimama pale nikajiona mjinga. Nilikuwa nimemtoza kila mtu safari nzima, wakati kila mmoja alitakiwa kulipa kipande chake. Wifi aliniita kutoka shambani kwake, "Wifi, toka kwenye maji yangu, unayakanyaga." Nikatoka.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilikaa pembeni ya korongo, nikaokota vijiwe. Vitatu, kimoja, kimoja, kimoja, viwili, vinne. Kumi na viwili. Toa kumi na viwili kwenye thelathini na sita, vinabaki ishirini na vinne. Mashamba sita. Vinne vinne. Dakika arobaini za maji ya kweli kwa kila mtu. Nikarudia mara tatu kwa sababu sikujiamini tena.

Kuomba mkutano wa pili lilikuwa jambo zito kuliko hesabu yenyewe. Mwenyekiti alikubali kwa kuniambia, "Huu ni wa mwisho." Mwalimu alikuwa amerudi, akakaa nyuma karibu na mlango. Nilipanga viberiti vile vile, na ungo ule ule.

"Leo tutabaki na maji, au tuje na ndoo?" wifi aliuliza.

Niliweka za njiani pembeni ya kila kiberiti, nikieleza kipande kwa kipande. Kumi na mbili. Kisha nikawaambia wazihesabu zilizobaki kwenye ungo wao wenyewe. Katibu alihesabu, ishirini na nne. Nikamwomba azigawe. Aligawa polepole, kiberiti kwa kiberiti, na ungo ukabaki mtupu, kila kiberiti na punje nne.

"Sasa nawaonyesha tunavyopata leo," nilisema. Nikarudisha zote, nikampa kila mmoja punje sita, yaani saa ya filimbi, na kwenye sita hizo nikatoa za njia yake. Wa pili, wa tatu na wa nne walibaki na tano. Wa tano alibaki na nne. Mimi nilibaki na mbili. Na mzee wa shamba la kwanza alibaki na tatu.

Aliinama akazitazama. Akaangalia za wifi, tano.

"Zangu ni tatu?"

"Tatu, mzee. Saa yako inaanza ndiva ikifunguliwa. Nusu yake maji yako njiani."

"Mimi wa kwanza?"

"Wewe wa kwanza."

Alimgeukia binti yake. "Ulijua?"

"Nilipima na saa yako, baba," alisema. "Ni nusu saa."

Mzee alizichukua punje zake tatu, akazishika kiganjani muda mrefu. Miaka yote alidhani kuwa wa kwanza ni kupata zaidi. Kisha akasema kwa sauti ya kinyapara, "Katibu, ibadilishwe."

Wifi ndiye aliyesimama. "Na punje yangu moja inakwenda wapi?"

"Inakwenda njiani," nilisema, "kwa mzee na kwangu."

"Umekuja mwisho, wifi. Ulikuta watu wamechimba mfereji."

"Niliukuta. Na kijiji kikiitwa kwa msaragambo, nazibua mfereji kama wewe."

Hakuwa mwongo. Dakika kumi zile zilikuwa za mboga zake na za watoto wake, na alizizoea. Waliopunguziwa walikuwa watatu, waliopata wawili, na wa tano hakuguswa. Wa tano ndiye aliyeamua, kwa sababu hakuwa na cha kupata wala kupoteza. Alisema tu, "Punje zimeenea. Mimi sina neno." Mwenyekiti akaandika. Mzee atapigiwa filimbi baada ya dakika sabini, watatu wa katikati hamsini hamsini, wa tano sitini, mimi themanini. Katibu alijumlisha akapata saa sita, akajumlisha tena.

Jumatano iliyofuata maji yalikaa kwangu dakika arobaini. Yalifika katikati ya shamba. Nilidhani nitafurahi, lakini nilikuwa nimechoka, nikakaa kwenye tuta nikayatazama. Mistari ya mbali ilikuwa imeshakufa, hata ungeipa ndiva nzima. Nilivuna nusu. Tulikula makande mara moja kwa siku kuanzia ulipoanza mwezi wa saba, na mwaka ukapita. Nusu si kitu kidogo kwa mtu aliyekuwa anakwenda kuvuna majani.

Sasa niseme jambo ambalo mjukuu haliulizi. Mfereji haubaki vile vile. Unaota majani, unapasuka, unafukiwa, na njia za maji zinabadilika. Kwa hiyo kila msimu ilibidi kupima upya, na nani apime? Yule aliyeanzisha. Nilipanda ndivani kila kiangazi na saa ya katibu, nikashuka na ulimi wa maji, nikarudi na namba, nikapanga viberiti. Miaka kumi na zaidi. Hakuna aliyenilipa na wengi walininunia, maana kila hesabu mpya ina anayepunguziwa. Magoti haya yanayonisumbua niliyapata huko.

Wifi hakunisemesha msimu mzima. Tulikutana kisimani tukapishana kama watu wa Kihurio na Usangi wasiojuana.

Kiangazi kilichofuata, Jumatatu moja, ukingo wa mfereji ulimomonyoka kati ya shamba la pili na lake. Nilikwenda kupima maji ya jirani wa mstari wa Jumatatu, yanayopita mfereji huo huo, nikaona yanatawanyika kwenye ufa, yanajaza shimo zima kabla ya kuendelea. Njia ya dakika kumi ilikuwa imekuwa dakika sabini. Msaragambo ulikuwa Jumamosi. Jumatano yetu ilikuwa katikati hapo, na maharage ya wifi yalikuwa yanatoa maua.

Alikuja nyumbani jioni ile, jua bado lipo. Hakubisha hodi vizuri. Alisimama mlangoni na kiganja kimefungwa.

"Karibu, wifi."

"Sikai." Akafungua kiganja. Zilikuwa punje saba, tena mahindi mazuri. "Njia yangu ni hizi. Sina saa, nimepima kwa kuimba tenzi za kanisani. Kapime na wewe."

"Nimeshapima. Ni saba."

"Basi ziweke."

Nilitoa ungo. Kwenye njia yake palikuwa na punje moja, nikaongeza sita. Za njiani zikawa kumi na nane. Zilizobaki, kumi na nane. Viberiti sita, tatu tatu. Nilitazama kiberiti changu. Kilikuwa na nne, sasa kina tatu, na maharage yangu nayo yalikuwa na maua.

Wifi alikuwa ananitazama. Alijua. Kama ningesema tungoje mpaka Jumamosi ndipo tuhesabu, hakuna ambaye angeniuliza, na Jumatano dakika zake hamsini zingeishia kwenye ufa. Mpimaji nilikuwa mimi.

"Tatu," nilisema. "Wote tatu."

"Hata wewe?"

"Viberiti vinalingana, wifi."

Akavuta kigoda akakaa. Hakunishukuru, na mimi sikungoja. Aliomba maji ya kunywa, nikampa, akanywa yote akarudisha kata. Baadaye alisema, "Hiyo Jumamosi ni mbali mno." Tukachukua majembe tukaenda kuziba ule ufa wenyewe, yeye na mimi, mpaka giza likatukuta tumefika nusu.